Altezza ya 1999 chini ya mwembe: namna ya kuitengeneza mwenyewe hapa Pemba

Kijana mmoja niliyemsomesha alinijia nyumbani Chake Chake, funguo mkononi, uso umemnawiri. Kanunua Altezza, ya silinda sita kama yangu. Swali lake la kwanza likawa: "Maalim, nianze na rimu au nianze na ekzosi?" Nikamwambia tuipeleke uani, chini ya mwembe, tuipandishe jeki kwanza. Alipoondoka magharibi alikuwa na karatasi yenye mambo matano, na rimu haimo. Haya ninayoandika ndiyo niliyomwambia siku ile, pamoja na mengine niliyoyakumbuka alipokwisha kuondoka.

Mimi si fundi wa gereji. Nasomesha fizikia skuli ya sekondari, na gari yangu naitengeneza Jumamosi na siku za likizo. Ni Altezza AS200 ya mwaka 1999, chesisi GXE10, injini 1G-FE ya lita 2, giaboksi ya mkono yenye gia sita, na tairi za nyuma ndizo zinazoisukuma. Dada yake ni RS200, chesisi SXE10, ya silinda nne, injini 3S-GE. Hiyo kwa gia ya mkono ilitoka kiwandani na nguvu farasi 210. Yangu ina 160 na inanitosha. Toyota waliitoa Altezza mwaka 1998, ikachukua tuzo ya Gari ya Mwaka ya Japani ya 1998–1999, na uzalishaji ukakoma 2005. Kwa hiyo hata ile changa kuliko zote imeshapita miaka ishirini. Nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus IS200. Jina hilo lishike, maana ukimpigia simu muuza vipuri wa Dar ukamtajia Altezza akasita, mtajie IS200 halafu mpe namba ya chesisi. Vipuri vya miguu ya mbele ni vile vile.

Gari hizi zikifika kisiwani, kilomita si adui mkubwa. Adui ni chumvi. Chake ipo kichwani mwa mlango wa bahari, na ukiegesha gari nje usiku mmoja tu, asubuhi ukipitisha kidole kwenye kioo utauona unyevu unaonata. Unyevu huo unaingia kwenye boliti, kwenye pini za breki, kwenye viunganishi vya umeme. Ndiyo maana mpango wangu ni huu: kwanza kinachoshika gari isiondoke barabarani, pili kinachoisimamisha, tatu kutu. Mambo ya nguvu na urembo yaje baadaye, na mengine yasije kabisa.

Vyombo

Huhitaji gereji nzima. Spana na soketi za 10, 12, 14, 17 na 19, na soketi ya 21 ya nati za tairi. Brashi ya waya, nyundo mbili nzito, koleo, bisibisi bapa, jeki nzuri ya magurudumu na stendi mbili za chuma. Kwenye stendi sina mjadala na mtu. Nimeona watu wanaweka tofali la saruji chini ya gari wakaingia. Tofali linaweza kubeba gari saa nzima, kisha likapasuka mara moja bila hata kulia. Ukikosa stendi, kazi ya chini ya gari iahirishe.

Mafuta ya kulegeza kutu yapulizie usiku wa kuamkia kazi. Ukiyapuliza dakika tano kabla ya kushika spana hayajafika popote. Ukikosa ya kopo, changanya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, kidogo tu, kwenye chombo cha chuma, mbali na sigara na jiko. Yanapenya vizuri ajabu, lakini yanawaka upesi vile vile.

Spana ya torki, ile inayokuonyesha umekaza kwa nguvu kiasi gani, ni ghali na wengi hawana. Kwa nati za tairi za Toyota hii kipimo ni nyutoni-mita 103. Nilivyofanya kabla sijanunua yangu, fizikia ya kidato cha pili inatosha: chukua mpini wa spana wenye urefu wa nusu mita kutoka katikati ya nati mpaka unapotundika. Uweke ulale sawasawa, usiinamie juu wala chini. Tundika ndoo ya plastiki ya lita 20 iliyojaa maji hadi ukingoni. Maji ni kilo 20, ndoo ni kama kilo moja. Kilo 21 mara 9.8 ni nyutoni 206, mara nusu mita, unapata 103. Ndoo iachie taratibu, isidunde. Mpini ukizama, rudisha, endelea mpaka ndoo ining'inie na mpini usiende tena. Wanafunzi wangu niliwafanyisha hivyo uwanjani, na wawili kati yao leo ni mafundi.

Boljointi ya chini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo Altezza inapoweza kukuua.

Mguu wa mbele una mkono wa juu na mkono wa chini. Springi inausukuma mkono wa chini kwenda chini, na barabara inalisukuma tairi kwenda juu. Kinachounganisha pande hizo mbili ni boljointi ya chini, kiungo cha chuma chenye tufe ndani yake. Kila tuta unalopita, kila shimo, uzito wa pua ya gari unaivuta. Ikilegea hulia ko, ko ukipita tuta polepole. Usukani hutangatanga ukikanyaga breki. Ikichomoka, tairi hulala ubavu na gari huenda inakotaka.

Ya kwangu niliigundua nikiwa narudi kutoka Mkoani kuchukua mzigo botini. Boljointi yenyewe nilikuwa nimeibadilisha miezi minne tu nyuma. Niliiagiza kwa simu kutoka duka moja ng'ambo, ikaja kwenye kasha zuri lenye nembo ya kampuni ya Kijapani inayoheshimika, na mie sikuwa na shaka. Njiani nikasikia ko moja kwenye tuta, halafu ya pili. Nilipofika nyumbani nikainua tairi na kutazama. Mpira wake umepasuka kama mdomo, na nilipoubana kwa vidole yalitoka maji mekundu, rangi ya chai ya mkandaa. Grisi hakuna hata ya kupaka ukucha. Kipuri bandia. Nilikaa chini ya mwembe ule, nikawafikiria watoto niliowabeba kwenye kiti cha nyuma juma lile.

Tangu siku hiyo nikinunua naangalia vitu vitatu kabla ya kulipa. Maandishi yawe yamegongwa kwenye chuma, si ya kibandiko wala wino. Mpira uwe laini, unarudi ukiuminya, na pale unaposhikwa na pete usiwe na mwanya. Kisha shika ile shina uizungushe kwa mkono: iwe ngumu, inakwenda kwa kukaza sawa pande zote. Ikicheza kama kijiko kwenye kikombe, irudishe hapo hapo.

Kupima iliyomo kwenye gari: usipandishe gari kwa katikati ukatikisa tairi, maana springi bado inaivuta boljointi na haitaonyesha kitu. Weka jeki chini ya mkono wa chini wenyewe, karibu kabisa na boljointi, inua mpaka tairi liache ardhi kwa kidole kimoja. Sasa mtu apitishe mtaimbo chini ya tairi alinyanyue, wewe uweke ganja la mkono juu ya boljointi. Mwendo wowote utausikia mkononi kabla ya kuuona kwa macho. Mpwa wangu wa miaka kumi na minne ndiye msaidizi wangu, na siku hizi yeye huniambia, "Mjomba, hii imekwisha," kabla sijashika.

Sasa kuibadilisha. Jua kwanza kwamba boljointi ya Altezza si kile kidude kidogo cha gari nyingine. Ina mkono wake mrefu ambao tairodi ya usukani inafungwa hapo. Kwa hiyo kuna ya kushoto na ya kulia, na hazibadilishani. Nunua mbili pamoja. Zimezeeka siku moja.

Legeza nati za tairi gari ikiwa bado chini. Breki ya mkono juu, mawe mbele na nyuma ya tairi za nyuma. Inua, weka stendi chini ya chesisi, toa tairi, kisha lisukume chini ya ubavu wa gari likae huko kama mlinzi. Safisha kila uzi wa boliti kwa brashi ya waya kabla ya kuweka spana. Mchanga ulioko kwenye uzi ndio unaovunja boliti.

Anza na tairodi. Toa pini inayopita kwenye nati, legeza nati lakini usiitoe yote, ibaki imeshika nyuzi mbili tatu. Shina ya tairodi ni pana upande mmoja na nyembamba upande wa nati, imejibana kwenye tundu. Watu wengi huipiga shina kwenye ncha yenye uzi na kuuharibu. Usifanye hivyo. Shika nyundo moja upande huu wa jicho la chuma lenye tundu hilo, na nyingine ipige upande wa pili, kavu, mara moja mbili. Jicho linajinyoosha kwa nukta ya sekunde na shina inaachia. Sauti hubadilika, utasikia tap badala ya ting. Na ile nati uliyoibakisha ndiyo inayozuia kitu kisikuangukie.

Kabla ya kugusa nati ya boljointi yenyewe, weka jeki chini ya mkono wa chini uinue kidogo tu, ili springi isije kukurushia mkono huo. Jeki hii haiondoki mpaka mwisho wa kazi. Sasa nati ya chini, kwa mtindo ule ule wa nyundo mbili. Kisha boliti mbili zinazoikamata boljointi kwenye chuma kinachobeba haba, kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa hapo. Hizo ndizo zenye kutu ya miaka. Ikikataa, usiirukie spana kwa mguu. Ikaze kidogo mbele, ilegeze kidogo nyuma, puliza mafuta, subiri, rudia. Boliti moja ilinichukua saa nzima na birika la chai, lakini ilitoka nzima. Waya wa ABS na paipu ya mpira ya breki vifunge pembeni kwa uzi, visining'inie.

Kurudisha ni kinyume chake, ila mambo mawili. Boliti zote zianze kwa vidole kabla ya spana kuguswa. Na nati yenye meno ya taji ukishaikaza, tundu la pini lisipokutana, kaza mbele mpaka likutane. Usirudishe nyuma hata kidogo. Pini iwe mpya. Pini ni senti chache, na pini ya zamani iliyokunjwa mara mbili ni waya uliokwisha kuvunjika.

Baada ya hapo uelekeo wa tairi umebadilika na lazima upimwe. Nikivuka na gari kwenda Unguja huipeleka kwenye mashine, lakini siku ile ile huipima kwa futi ya fundi cherehani, na hutosha kuiendesha. Chora mstari wa chaki katikati ya uso wa kila tairi la mbele, kwa nyuma, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu. Watu wawili mpime kutoka mstari hadi mstari. Sukuma gari mbele mpaka mistari hiyo hiyo ije upande wa mbele, kwenye kimo kile kile, mpime tena. Kipimo cha mbele kiwe kifupi kwa milimita 1 au 2. Kikizidi au kikipungua, zungusha tairodi za kushoto na kulia sawasawa, ama sivyo usukani utakaa upande.

Breki

Ukitoka Wete mpaka Chake kwa vilima vile, simama, shuka, weka mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, imeshika. Mara nyingi si pistoni, ni pini zake za kutelezea. Chumvi imeingia, grisi imekauka, kalipa haiendi wala hairudi. Utaona pedi ya ndani imekwisha na ya nje bado nene.

Kazi hii ni ya mtu yeyote mwenye subira. Toa tairi, fungua boliti ya chini ya kalipa, inyanyue juu, au toa zote mbili uitundike kwa waya kwenye springi. Kalipa isining'inie kwa paipu yake hata dakika moja. Chomoa pini, zisugue kwa kitambaa na petroli kidogo mpaka zing'are. Pini yenye mashimo ya kutu itupe. Tundu lake lisafishe, likauke. Kisha paka grisi ya silikoni, ile ya kutengenezea breki. Grisi ya beringi ya kawaida inafanya mpira uvimbe, na baada ya miezi miwili pini inakwama vibaya kuliko mwanzo. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi kwenye gari zilizopita mikononi mwa watu wenye haraka.

Pistoni irudishe ndani taratibu kwa kishikizo cha seremala na pedi ya zamani katikati, ukiangalia kopo la mafuta ya breki lisifurike. Yakimwagika kwenye bodi, mwagia maji mara moja, yanakula rangi.

Nyuma kuna fumbo ambalo limewafanya wengi wapige diski kwa nyundo mpaka ikapinda. Kwanza, breki ya mkono ya gari hii ina viatu vyake vidogo ndani ya diski la nyuma, kwa hiyo lazima uishushe, na mawe uyahamishie tairi za mbele. Pili, diski hung'ang'ania haba kwa kutu. Tazama uso wake: kuna matundu mawili madogo yenye uzi ndani. Si ya kufungia kitu. Chukua boliti mbili za M8, yaani unene wa milimita 8, uzi wa 1.25, ziingize kwenye matundu hayo, ukaze moja nusu duara, nyingine nusu duara, kwa zamu. Diski itajisukuma yenyewe na kuachia kwa mlio mmoja. Kijana wangu alipoliona hilo alinitazama kama nimemfunulia hazina. Mwenyewe nililijua baada ya kuharibu diski moja.

Mafuta ya breki yanakunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ina unyevu wa kutosha. Ya aina ya DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 205. Yakishakunywa maji kipimo chake hushuka hadi 140. Yakichemka kwenye mteremko, pedali inazama mpaka chini. DOT 4 ni 230 na 155, na unaweza kuyatumia. DOT 5 ya silikoni usichanganye kabisa. Vitabu vinasema badilisha kila miaka miwili. Mie hubadilisha kila mwaka, kabla ya masika. Anza na tairi la nyuma kushoto, lililo mbali kuliko yote na pampu kwa gari ya usukani wa kulia, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Msaidizi akanyage na kushika, wewe fungua, funga, ndipo aachie. Kopo lisikauke hata mara moja. Na kabla hujaondoa gari, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu.

Kutu

Manahodha wetu hawasubiri ubao uoze. Jahazi hupakwa sifa, yale mafuta ya papa, juu na shahamu chini, kila msimu, hata likionekana zima. Gari ya pwani inataka malezi yayo hayo.

Kila mwezi pitisha maji baridi, yasiyo na chumvi, chini ya gari, hasa ukitoka Vumawimbi au popote ulipokanyaga mchanga wa bahari. Kisha lala chini uyatafute matundu ya kutolea maji kwenye ukingo wa chini wa milango na chini ya vizingiti. Huziba kwa udongo na majani. Huyazibua kwa chelewa ya ufagio: ni ngumu kiasi cha kutoboa uchafu na laini kiasi cha kutokwaruza rangi. Mara ya kwanza kuzibua mlango wa nyuma wa kushoto, yalitoka maji kama ya kikombe kizima, na mvua ilikuwa imekatika siku tatu nyuma.

Palipoanza kutu, kwangua kutu yote iliyolegea, paka dawa ya kugeuza kutu, kisha praima nyekundu, rangi, na mwisho nta ya kupuliza. Mafundi wengi hupaka oili chafu chini ya gari. Siipendi. Inashika mchanga, inalainisha bush za mpira, na mvua inaipeleka kwenye visima vyetu.

Injini

Hapa nitapita haraka, kwani 1G-FE ni injini ya heshima. Ikitetemeka ikiwa imesimama, silinda moja haichomi. Kila silinda ina koili yake juu ya plagi. Zima injini, chomoa kiunganishi cha koili moja, washa, sikiliza. Rudia moja moja. Ile ambayo ukiichomoa hakuna kilichobadilika ndiyo mgonjwa. Ihamishie koili hiyo kwenye silinda nyingine. Tatizo likihama nayo, nunua koili. Likibaki, angalia plagi. Tazama pia viunganishi: kijani ndani yake ni chumvi, na wakati mwingine brashi ya meno na dawa ya kusafishia umeme ndiyo matengenezo yote. Ukikuta oili kwenye shimo la plagi, gasketi ya kifuniko cha juu imechoka.

Maji ya rejeta yawe kulanti, yale maalumu ya kupozea injini, si ya kisima. Visima vyetu vingi vina chumvi.

Mkanda wa taimingi ni kila kilomita 100,000, na ikiwa hujui historia ya gari, leo ndiyo kilomita hiyo. Kazi hii mie sikuifanya mwenyewe. Nilimpa jirani yangu aliyekwisha kufanya nyingi, nikanunua mkanda, beringi zake na sili za oili, nikasimama naye nikishika taa. Mkanda wa zamani nilioutoa ulikuwa na nyufa kila jino. Anayeuza gari akikwambia mkanda ni mpya, mwambie akuonyeshe risiti.

Kuiboresha

Sasa rimu. Toleo la Z Edition lilikuja na tairi za 215/45R17, za rimu ya inchi 17, na baadhi ya mengine 205/55R16, za rimu ya inchi 16. Ukuta wa tairi la 17 ni milimita 97, wa la 16 ni milimita 113. Hizo milimita 16 za ziada ndizo zinazookoa rimu yako kwenye shimo lililojaa maji ya mvua. Baki na 16, pesa inayobaki nunua tairi mpya kweli. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lenye manyoya yake yote lakini lina miaka kumi ni jiwe.

Shokapu mpya nne zitakufanya uione gari upya kuliko ekzosi yoyote. Springi usizikate kwa grainda ili ikae chini. Springi iliyokatwa haikai kitako chake, matuta yatakula chesisi, na boljointi uliyohangaika nayo itabeba mapigo yote.

Taa za mbele zilizopauka: msasa wa maji wa 800, kisha 1500, kisha 2000, kila mmoja kuvuka mwingine, maji yakitiririka muda wote, halafu polishi, na lazima umalizie kwa vanishi ya kuzuia jua. Bila vanishi zitapauka tena baada ya miezi michache. Za nyuma usiziuze. Ndizo zilizoupa jina lake mtindo mzima wa taa za kioo cheupe, watu duniani wanaziita taa za Altezza, na leo unaona wanazitoa kuweka za plastiki nyepesi.

Redio ya Kijapani iliyokuja na gari hizi inaishia FM 90, na FM yetu inapanda mpaka 108. Kuna kijisanduku cha kushusha masafa kinachofungwa kwenye waya wa eriali. Bei rahisi, dakika kumi, na utaisikia taarifa ya habari ya nyumbani.

Ukimaliza kazi yoyote ya tairi, endesha taratibu mpaka Gombani urudi, acha ipoe, kisha tundika ndoo tena kwenye nati zote. Kijana yule anakuja Jumamosi hii na diski zake za nyuma zilizoganda. Boliti mbili za M8 nimeshamwekea kwenye kikopo, juu ya dirisha.